Staili Mia na Kumi na Mbili

"Usinivute hivyo! Mimi siyo turubai la paa!"

"Nimekuvuta? Nimekuvuta wapi? Mkono sijaunyanyua, wewe ushazunguka!"

"Umeunyanyua."

"Sijaunyanyua! Merryn, mkono wenyewe huu hapa, uko kiunoni. Uangalie vizuri. Sasa mkono gani uliokuzungusha, wa shetani?"

"Labda wa shetani kweli, maana wako umelala."

Hapo ndipo walipokuwa wamefika, Jumapili saa nane mchana, Denzil Trembath na mkewe, katikati ya sebule yao pale Camborne, mji mdogo wa Uingereza. Sofa limesukumwa mpaka ukutani, zulia limekunjwa likasimamishwa pembeni, mvua inapiga dirisha, na spika ndogo juu ya kabati inaendelea kupiga gitaa na ngoma kwa furaha zake kana kwamba hakuna mtu anayegombana. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa ameshagonga mara moja. Hakuna aliyemsikiliza.

Ugomvi wenyewe, ukiuangalia kwa nje, ni wa kitoto. Lakini mtu wa jive, ile dansi ya wawili wawili, anauelewa hapo hapo. Kwenye jive mmoja anaongoza, mmoja anafuata. Anayefuata hatakiwi kujua kinachokuja. Anasubiri mkono. Mkono ukipanda, anazunguka. Mkono ukishuka, anarudi. Sasa Denzil alikuwa bado anajiuliza staili gani inafuata, anapekua kumbukumbu zake kama mtu anayetafuta miwani, mara anamwona mkewe keshakwenda, kazunguka, karudi, anamsubiri na uso wa "haya, nini tena?"

Hilo ndilo lililomchoma.

Denzil ni fundi wa kuezeka. Ameshatembea juu ya mapaa ya makanisa kwenye upepo unaong'oa mabango, hajawahi kuteleza. Oktoba iliyopita akaanguka kutoka ngazi ya tatu. Ya tatu kutoka chini, yaani hata paka asingeumia. Kifundo cha mguu kikavunjika pawili. Miezi minane mguu juu ya mto, na kila Alhamisi jioni anamwona Merryn anavaa vile viatu vyake vya soli ya ngozi laini, anakwenda ukumbi wa klabu ya raga kwenye jive.

"Nenda tu," ndivyo alivyokuwa akimwambia. "Usikae hapa unanitazama kama mgonjwa wa kuzikwa kesho."

Naye akaenda. Na hakuna kosa. Pale ukumbini taratibu zinajulikana: darasani wanaume wanasimama mstari mmoja, na wanawake ndio wanaohama. Mwalimu wao, mama mmoja anaitwa Loveday Hocking, akipaza sauti "Hameni!" kila mwanamke anasogea kwa mwanaume anayefuata. Darasa likiisha ni dansi huria, kila wimbo na mtu mwingine, na kumkatalia mtu aliyekuomba ni utovu wa adabu mkubwa kuliko kupiga chafya juu ya keki. Ukianza kumwonea wivu anayecheza na mkeo, itabidi uwaonee wivu wanaume arobaini, pamoja na mzee Hedley mwenye nyonga ya chuma. Denzil mwenyewe, miaka tisa, ndiye aliyekuwa akiwaambia hivyo wageni walionuna. "Tulia kaka, ni wimbo tu, dakika tatu anarudi."

Ila mashindano ni kitu kingine. Mashindano ya klabu ni mara moja kwa mwaka, Jumamosi moja ya Julai. Pale hakuna kuhama. Jina moja kando ya jina moja, ukumbi mzima umekaa pembeni unawaangalia nyinyi tu. Na mwaka huu, kabla Denzil hajaacha hata fimbo ya kutembelea, kijana mmoja alikuwa ameshamwomba Merryn aingie naye.

Kester Angwin. Miaka ishirini na tisa, mrefu kama mlingoti, kazi yake kutengeneza meno ya bandia. Alijiunga Novemba, mwezi mmoja tu baada ya Denzil kuanguka, kama mtu aliyekuwa amesimama mlangoni anangoja kiti kiachwe wazi. Merryn alimjibu kijana kwamba anamsubiri mume wake. Alimwambia hivyo mbele ya watu, Denzil akaletewa habari na watu watatu tofauti, akafurahi mara tatu. Lakini Loveday alitaka majina yote kwa simu kabla ya saa kumi na moja leo. Na daktari alimruhusu Denzil kucheza juzi Jumatano tu.

Kwa hiyo mchana huu ndio pekee aliobakiwa nao. Arudishe staili zake kichwani, au jina lake likae nje.

"Tupumue," Merryn akasema. Akazima spika. "Chai?"

"Sitaki chai. Nataka daftari."

Daftari. Ee, hilo daftari. La rangi ya kijani, limekunjika pembe zote, lina doa la bia ukurasa wa nne. Ndani yake Denzil alikuwa ameandika staili mia na kumi na mbili, kila moja na namba yake, na vijitu vya mstari vinavyoshikana mikono. Wanaume wengine pale ukumbini wana ishirini, thelathini, wanazirudiarudia mpaka wewe mwenyewe unawaonea huruma. Yeye mia na kumi na mbili! Kuna watu walikuwa wakimwita Kamusi. Asubuhi ya leo alijaribu kuzihesabu kichwani bila daftari wakati ananyoa ndevu. Akapata kumi na moja. Akarudia. Kumi na moja, na moja kati ya hizo hakuwa na uhakika kama ni staili au ni jinsi ya kubeba ngazi.

Akakaa kwenye mkono wa sofa, akafungua.

"Namba ishirini na sita," akasoma. "Mkono wa kushoto juu kama unafungua dirisha. Geuka. Bega. Halafu samaki."

"Halafu nini?"

"Samaki."

"Samaki gani?"

"Sijui samaki gani! Imeandikwa samaki. Na mwandiko ni wangu."

Merryn akajaribu kujizuia. Akashindwa. Akacheka yule mwanamke mpaka akashika ukuta, na Denzil naye, aliyekuwa ameapa moyoni kwamba leo hacheki, akaanza kutikisika mabega. "Labda tulikula samaki usiku ule," Merryn akasema. "Labda ulikuwa unaandika ununuzi."

"Labda wewe ndiye ulikuwa samaki. Unateleza teleza."

"Njoo. Funga hilo daftari, njoo hapa. Mikono yako inajua, kichwa ndicho kinachokusumbua."

Akaweka wimbo wa taratibu. Wakashikana. Na unajua, mwanamke alikuwa sahihi. Denzil alipoacha kukumbuka, vitu vikaanza kurudi vyenyewe. Kikapu kikarudi: mkono huu juu, ule chini, mke ndani ya mikono yako kama umemfunga kamba, kisha unamfungua. Dirisha likarudi. Mlango wa Nyuma ukarudi. Pweza, ile ya mikono minane, wanayoiogopa wageni wote, ikarudi nusu, ikakwama kiwikoni, wakairudia, ikapita. Kifundo cha mguu kilimwuma kidogo, akakiambia kinyamaze. Wimbo wa pili. Wa tatu. Alikuwa anatoa jasho na anatabasamu kama mpumbavu. Alihisi amerudi. Akajiona kabisa Jumamosi ile, watu pembeni, yule mtengeneza meno amekaa na soda yake anajifunza.

Ndipo kwenye wimbo wa nne akaona.

Alikuwa amemaliza Kikapu, anamfungua, na Merryn akasimama. Kidogo tu, mapigo mawili. Bega likashuka, shingo ikageuka, kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu anayempenda. Miaka tisa, Denzil hajawahi kuliona lile bega.

Akampeleka kwenye Kikapu tena, makusudi. Bega tena. Safari hii, badala ya kumpa mkono wa kuendelea, akauachia. Akarudisha mikono yake yote miwili nyuma, akaangalia.

Merryn akaendelea.

Sekunde mbili, tatu hivi. Hakuwa anamwangalia mumewe, macho yalikuwa nusu yamefumba. Akazunguka, na mkono wake wa kulia ukapanda kwenda kutafuta mkono wa kushika, na haukuja usawa wa Denzil. Ulipanda juu. Ulipita juu ya kichwa chake kabisa, vidole vimefunguka, unamtafuta mtu mrefu.

Kisha akashtuka, akaushusha.

"Nani huyo?" Denzil akauliza.

"Nani nani?"

"Huyo uliyemshika hapo juu. Mimi nina futi tano na inchi sita, Merryn. Hapo juu mimi sipo."

"Den, usianze."

"Sijaanza mimi. Umeanza wewe, na hewa. Hiyo hewa ina jina, inatengeneza meno."

"Ndiyo, ni ya Kester. Kwani siri? Nimecheza naye miezi saba kila Alhamisi, ulitaka nicheze nikiwa nimelala?"

"Kila Alhamisi nyimbo ngapi?"

"Sijui."

"Unajua."

"Tatu. Nne. Siku nyingine tano."

"Tano!" Pale ukumbini mbili mfululizo ni heshima, tatu watu wanaangaliana. Tano ni nini? Tano ni tangazo. "Na watu watatu waliniletea habari kwamba umemkataa, hakuna hata mmoja aliyeniletea hizo tano!"

"Maana hakuna habari. Ni dansi, Denzil. Sijamshika zaidi ya mkono."

Na hapo ndipo shida yenyewe, maana Denzil alimwamini. Angekuwa hamwamini ingekuwa nafuu. Mtu ukishuku mambo ya kitandani unajua pa kuvunja, unajua wa kumpiga. Sasa yeye atakwenda kumpiga mtu kwa kosa gani, kwamba mke wangu ameshusha bega?

"Mimi nilikwambia uende," akasema. "Sikukwambia ujifunze."

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia."

"Rudia basi, ujisikie vizuri."

Hakurudia. Akaokota taulo akajifuta uso, akalitupa. "Ndiyo maana unazunguka kabla ya mkono wangu. Amekuharibu. Anakuzoesha haraka haraka, sasa hunisubiri."

Merryn akamwangalia. Siyo kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Unataka nikwambie ukweli au unataka tuendelee kugombana?"

"Sema."

"Kutosubiri sikujifunza kwake. Nilijifunza kwako. Mwezi wa kwanza wote yeye ndiye alikuwa ananiambia, Merryn, subiri, Merryn, sijakuongoza bado. Aibu niliyoipata! Mimi, miaka tisa sakafuni, naambiwa sisubiri na mtu aliyejiunga juzi." Akahesabu kwa vidole. "Kikapu. Baada ya Kikapu, Dirisha. Baada ya Dirisha, Mlango wa Nyuma. Baada ya Mlango wa Nyuma unajifuta mdomo na mkono wa kushoto. Ndiyo Pweza. Baada ya Pweza unanikonyeza, kisha Kombeo. Den, una staili mia na kumi na mbili na unazitoa kwa namba. Wimbo wowote, ukumbi wowote. Moja mpaka ishirini wimbo wa kwanza, ishirini na moja mpaka arobaini wimbo wa pili. Mimi daftari lako ninalo mwilini. Nisubiri nini?"

Jirani akagonga tena, ingawa hakukuwa na muziki wala kelele. Labda alikuwa anapigilia msumari.

Denzil alitaka kusema siyo kweli, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa mdomoni wakati ule ule, anajifuta, akauona, akautoa.

"Na yeye anazo ngapi?" akauliza mwishowe.

"Kester? Kumi na mbili. Kumi na tano labda."

"Kumi na tano!" Akacheka, kicheko kibaya. "Kumi na tano, na ndizo zinazokulegeza bega?"

"Anasikiliza wimbo. Anasimama, hafanyi kitu mapigo mawili, na mimi sijui kabisa kinachokuja. Napenda kutokujua. Nimekwambia, maana umeuliza." Akasogea karibu, akashika kola ya shati lake. "Lakini nilikuahidi wewe. Saa kumi sasa hivi. Nipe wimbo mmoja, Den. Mmoja tu ambao siujui. Changanya, potea, kosea, sijali. Nishangaze."

Na alimaanisha. Alikuwa anataka ashinde mumewe, ilionekana machoni. Mtu mwingine angelishika hilo akalifanyia kazi.

Merryn akaweka wimbo, akafumba macho ili asiuone hata uso wa Denzil.

Denzil akaanza vizuri. Akaruka namba moja akaenda kumi na tisa. Akatoka kumi na tisa akaenda mahali ambapo hajui ni namba gani, akatengeneza kitu cha ovyo ovyo kwa mikono yote miwili, na Merryn akatoa sauti ndogo ya mshangao, "Oh!", akacheka. Sauti ile ilimwingia Denzil kama chai ya moto. Angeendelea hivyo hivyo. Angekosea tena mara tatu, nne, angekuwa amepona. Lakini kichwani hakuwa na wimbo, alikuwa na lile bega. Aliliona linashuka kwa ajili ya mtu mwingine, nyimbo tano, Alhamisi kwa Alhamisi, watu wanaangalia. Akalitaka. Akalitaka liwe lake, sasa hivi, kwa mkono wake.

Akampeleka Kikapu. Akamfungua. Akasimama.

Mapigo mawili, hafanyi kitu. Ila kutofanya kitu kwenyewe ni kazi, na yeye hakusikiliza chochote, alikuwa amemkodolea macho mkewe kumwona kama bega litashuka.

Halikushuka. Merryn akafumbua macho.

"Hiyo ni yake," akasema taratibu.

"Ni kusimama tu. Kusimama kuna mwenyewe?"

"Ulikuwa unakwenda vizuri, Den. Ulikuwa unakwenda vizuri sana."

"Basi turudie."

"Wimbo umeisha."

Simu ya Merryn ikalia juu ya kabati, kando ya spika. Akaenda akasoma kwa sauti. "Ni Loveday. 'Kipenzi, nina pengo moja kwenye orodha na ni lako. Wewe na nani?'" Akaishika simu kifuani. Saa ilikuwa kumi na nusu imepita kidogo. "Sema wewe."

"Niseme mimi?"

"Nilikuahidi. Ukisema niandike jina lako, naandika jina lako. Sitakununia, sitakuvizia na maneno. Tutaingia, tutacheza, tutakuwa wa tano kama kila mwaka, tutakula chipsi njiani tukirudi. Sema tu."

Na ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, jina lake mwenyewe, alilopewa na mama yake. Lakini Denzil akajiona sakafuni ile Jumamosi, ukumbi mzima kimya, anamwongoza mkewe kutoka namba moja kwenda namba mbili, na mkewe anafuata kwa adabu, kwa ahadi, na pembeni yule mrefu ameketi anajua anachojua. Kwa wivu akataka kumwumiza mtu, na aliyekuwa karibu ni yeye mwenyewe.

"Andika Kester."

Siyo kwamba alitaka. Msije mkamdhania ukarimu, hakuwa na chembe. Alishapiga hesabu yake vizuri: Merryn atatupa simu kwenye sofa, atasema acha ujinga we mwanaume, atakuja kumshika shingo, na yeye atakaza uso dakika mbili tatu hivi kabla ya kulainika. Hata uso wa kukaza alikuwa ameshauandaa.

"Kweli?" Merryn akauliza.

"Kweli."

"Kesho hutaligeuza?"

"We andika, bwana!"

Akaandika. Jina lenyewe fupi, halikumchukua muda. Akatuma, akaandika tena kwa mtu mwingine, akatuma. Kisha akainua uso.

"Asante, Den."

Alisema kwa moyo wote. Mashavu yalikuwa yamepata rangi, na alikuwa anang'ata mdomo ili asitabasamu sana mbele yake, kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda pwani na wenzake wakati mdogo wake anaumwa. Denzil akasubiri kidogo, labda kuna kitu kinakuja nyuma ya asante. Hakikuja kitu.

Akaenda ukumbi mdogo wa mlangoni akavaa koti la mvua. Akakaa kwenye ngazi kufunga kamba za buti, kifundo kinapwita.

"Unakwenda wapi?" Merryn akauliza kutoka sebuleni.

"Nje."

"Mvua yote hii? Na huo mguu?"

"Mguu hauna neno."

"Den. Den, usiwe hivyo. Njoo tunywe chai tuzungumze." Hatua zake zikaja mpaka karibu na mlango wa sebule, na hapo simu ikalia tena, safari hii ya kupigiwa. Zikasimama. Ikalia mara mbili. Mara ya tatu akaipokea, na sauti yake ikapanda juu, nyepesi, imejaa kicheko.

"Ee, Kester, ndiyo! Kasema mwenyewe! Nakwambia kasema mwenyewe!"

Denzil akafungua mlango wa mbele, akatoka kwenye mvua, akauvuta nyuma yake mpaka akasikia kitasa kimeshika.